Kiti Kilichopinduliwa: Samani za Kale za Uchina na Mtu Aliyekusanya Majina Yake

Mwaka 1994 alikuja nyumbani kwetu mfanyabiashara wa vitu vya kale. Pembeni mwa sebule palikuwa na kiti cha enzi alichokiacha bibi mzaa mama: mbao nyeusi, vipande vya mfupa vilivyopachikwa mgongoni, na kamba za kukalia zilizokwisha kukatika zamani hata tukawa tunakitumia kuwekea gunia la mpunga. Nilitarajia mgeni aanze kwa kuzisifu nakshi, kama wafanyavyo wageni. Hakuzitazama. Alikipindua miguu juu, akapitisha kidole gumba upande wa chini, akaikagua miguu mmoja baada ya mwingine, akanusa. Kisha akakisimamisha, akakifuta vumbi kwa upole ulionishangaza, akataja bei. Nilikuwa mwalimu wa sekondari mwenye watoto wanne na mshahara wa kuchelewa. Bei ile ilitosha kununua mabati. Nikaipokea mbio mbio asije akabadili nia, na kwa miaka mingi nikajihesabu kuwa ndimi niliyempunja.

Kwa nini alikipindua? Jibu nililipata baadaye sana, tena kwa njia ya Uchina.

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye siku hizi huenda Guangzhou kununua bidhaa, aliniletea picha kwa simu. Kilikuwa kiti cha mikono, chekundu cheusi, mgongo mzima umejaa mazimwi na mawingu ya kuchonga. Akaandika: "Shikamoo Mwalimu. Wanasema ni cha enzi ya Ming. Wewe ndiye uliyetufundisha Historia. Ni cha kweli?" Niliwafundisha Kiswahili na Historia, hilo ni kweli, lakini kuhusu viti vya Wachina sikujua hata neno moja. Nikamwambia anipe muda nisome. Muda huo haujaisha mpaka leo.

Wapenzi wa lugha wataniwia radhi nikianza na neno. Samani na thamani ni maneno mawili yenye asili mbili. Samani limetufikia kutoka katika Kiajemi na lugha za Bara Hindi, ambamo maana yake ni vyombo au mizigo. Thamani ni la Kiarabu. Hata hivyo sauti zake zinakaribiana mno, nami nimesahihisha insha nyingi ambamo mwanafunzi ameandika "thamani za ndani" akikusudia meza na makabati. Zamani nilikuwa nikilikata kosa hilo kwa wino mwekundu bila huruma. Sasa huwa nasita kidogo, kwa maana swali lote la makala haya ni hilo: samani huwaje thamani?

Wachina hawakukalia viti tangu mwanzo. Kwa karne nyingi walikaa juu ya mikeka, na athari yake imebaki katika lugha yao. Sisi twasema mwenyekiti, yaani mwenye kiti. Wao husema *zhuxi*, na maneno hayo mawili tukiyafasiri sisisi ni "mkeka mkuu". Mwenyekiti Mao, kwa Kichina, ni Mao wa mkeka mkuu. Kiti kilizoeleka polepole, na kufikia nasaba ya Song (960–1279) watu wa mijini walikuwa wamekwisha kuinuka kutoka sakafuni. Kiti cha kukunja, ambacho mkubwa aliweza kubebewa safarini, kikawa alama ya cheo, na hata leo mtu anayeongoza wenzake husemwa kuwa amekalia kiti cha kukunja cha kwanza. Msomaji aliyekulia pwani hatahitaji kuelezwa uhusiano wa kiti na mamlaka.

Mbao ngumu zilikuja kwa wingi baadaye. Mwaka 1567 utawala wa Ming ulilegeza marufuku ya biashara ya baharini, na merikebu zikaanza kuleta magogo ya kusini bila kujificha. Mwandishi mmoja wa Songjiang, karibu na Shanghai ya leo, jina lake Fan Lian, aliandika mwishoni mwa karne ya 16 kwamba alipokuwa kijana hakuwahi kuona meza wala viti vya mbao hizo za fahari. Watu walikuwa na meza za kawaida zilizopakwa rangi. Katika uzee wake hata matarishi wa mahakama walikuwa wakipamba vyumba vyao kwa samani za mti adimu, na yeye alikereka. Ukisoma malalamiko yake utadhani anazungumzia wenye simu kubwa na nyumba ya udongo.

Mti uliosifiwa kuliko yote ni *huanghuali*, wa kisiwa cha Hainan. Rangi yake ni ya asali, mistari yake hujipinda kama maji yaendayo, na penye vifundo hujitokeza duara ambazo Wachina huziita nyuso za mizimu. Ukikwangua kidogo hutoa harufu tamu. Neno *huang*, yaani manjano, liliongezwa mwanzoni mwa karne ya 20 tu. Watu wa Ming hawakulisema. Mti wa pili ni *zitan*, wa zambarau iliyokolea hadi kukaribia weusi, ambao asili yake ni kusini mwa India. Hukua taratibu mno, na kipande chake hutoswa majini kikazama.

Hapa ndipo nilipoanza kuhisi kwamba nasoma habari za jamaa zangu. *Huanghuali* kitaalamu ni *Dalbergia odorifera*, na mpingo wetu ni *Dalbergia melanoxylon*. *Zitan* ni *Pterocarpus santalinus*. Mninga ni *Pterocarpus angolensis*, na mkurungu ni *Pterocarpus tinctorius*. Jina la kwanza ndilo la ukoo. Miti iliyokaliwa na wafalme wa Beijing ni binamu wa ile tunayochongea vinyago na kutengenezea vitanda.

Watu wa Ming hawakununua tu, bali walibishana pia. Wen Zhenheng, aliyezaliwa mwaka 1585 katika ukoo wa wachoraji na wasomi wa Suzhou, aliandika kitabu cha sehemu 12 kiitwacho *Zhangwu zhi*, yaani Habari za Vitu vya Ziada. Jina hilo linatokana na kisa cha kale cha bwana mmoja aliyeombwa mkeka wake na jamaa yake, akautoa, akakaa juu ya majani makavu. Alipoulizwa akajibu kwamba yeye hana kitu cha ziada. Humo Wen anahukumu kila kitu, tangu vitanda hadi vidau vya wino, kwa maneno mawili: *ya* na *su*. Mwalimu wa Kiswahili atayafasiri kwa "kiungwana" na "kishamba", na atahisi mara moja harufu ya dharau ile ile iliyomo katika maneno yetu. Meza yenye nakshi za mazimwi na maua yaliyosongamana, kwake, ni *su*. Niliwahi kumwona kuwa mtu wa majivuno tu. Baadaye nikasoma kwamba mwaka 1645, majeshi ya Qing yalipoiteka Suzhou, alikataa kula mpaka akafa. Mtu aliyeandika kurasa nyingi juu ya urefu unaofaa wa meza ya kusomea aliona kwamba kuna jambo asiloweza kulikalia.

Katika miaka hiyo hiyo Kaizari Tianqi (aliyetawala 1620–1627) alipenda useremala kuliko utawala. Husimuliwa kwamba alipokuwa na randa na msumeno mkononi hakutaka kusumbuliwa, na towashi wake Wei Zhongxian akaiendesha nchi alivyotaka. Nasaba haikudumu hata miaka 20 baada yake.

Baada ya Ming ladha ilibadilika. Katika karne ya 18, chini ya Kaizari Qianlong, makao ya mfalme yaliita mafundi kutoka Guangzhou, na *zitan* ikachongwa kila mahali palipoweza kuchongeka: mazimwi, popo wa baraka, mawingu, mapambo yaliyoigwa kutoka Ulaya. Karne iliyofuata karakana za Guangzhou zilitengeneza kwa wingi samani nyeusi zilizochongwa sana kwa ajili ya wanunuzi wa Kizungu, na nyingi ya zile zinazopatikana kwa urahisi leo ni za aina hiyo. Hazina aibu, na baadhi ni kazi za mikono hodari. Ila kuziita za Ming ni uongo.

Sasa nirudi kwenye kiti kilichopinduliwa, kwa kuwa hapa ndipo penye utamu.

Upande wa juu wa kiti umekwisha kupakwa nta, kusuguliwa, kusafishwa na kila mwenye nyumba. Upande wa chini haujali mtu. Mafundi wa Ming walizoea kupaka chini ya meza na viti laka, yaani utomvu wa mti unaogandamana kama rangi, juu ya kitambaa cha nyuzi, ili unyevu usipande. Mabaki yake yaliyopasuka na kubanduka vipande vipande ni vigumu kuigiza. Mbao ya chini inapaswa kuwa kavu, yenye rangi ya vumbi la miaka, na yenye alama za patasi zisizolingana kwa kuwa mkono wa mtu haulingani. Ukiona chini pamepakwa rangi ile ile ya juu, jiulize kuna nini kinachofichwa.

Kisha miguu. Nyumba nyingi zilikuwa na sakafu ya mawe au udongo, na unyevu uliila miguu kwa karne tatu au nne. Aghalabu imekatwa, au imeungwa kipande kipya. Kiti cha Ming kina mbao nne zinazounganisha miguu karibu na sakafu: ya mbele huwa chini kabisa kwa sababu ndipo mtu anapoweka nyayo, za ubavuni ziko juu kidogo, na ya nyuma juu zaidi. Wachina huuita mpangilio huo "kupanda hatua kwa hatua", na ni dua kwa mwenye kiti kwamba apande cheo. Ikiwa mbao ya mbele inakaribia kugusa sakafu, kiti kimekatwa. Ubao huo wa mbele unapaswa pia kuwa umelika katikati. Sehemu za mkono wa kiti zinazoshikwa ziwe laini kuliko zisizoshikwa. Mwenye kughushi hukisugua kiti chote sawasawa, kana kwamba mwenyewe alikuwa akikikalia kwa mwili mzima, hadi na visigino vya mgongoni.

Viungo ndivyo vinavyonivutia kuliko yote. Ulimi wa ubao mmoja huingia katika tundu la mwingine, bila msumari, na gundi ikiwa kidogo sana au isiwepo kabisa. Kwenye pembe, ubao hukutana kwa mshazari usioonyesha ndani yake kuna ndimi mbili zilizopishana. Bamba la juu la meza halibanwi. Hukaa katika mfereji wa fremu likiwa huru, ili wakati wa masika litanuke na wakati wa kiangazi lisinyae bila kupasuka. Mbao husinyaa zaidi kwa upana kuliko kwa urefu wa nyuzi zake, na kwa hiyo kigoda kilichokuwa duara kamili miaka 300 iliyopita leo kitakuwa na umbo la yai kidogo. Kipime kwa kamba. Kigoda cha kale ambacho bado ni duara kamili kina maswali ya kujibu.

Na nakshi je? Zisomwe kwa vidole kabla ya macho. Fundi wa zamani aliyetaka mstari mmoja uliotuna ukingoni mwa mguu alilazimika kuushusha uso wote wa mguu na kuuacha mstari peke yake. Pambo linasimama juu ya uso wa mbao. Mlaghai aliyenunua meza ya kale isiyo na pambo, akataka kuiongezea bei, hana mbao ya kushusha. Hulichimba pambo ndani. Nakshi iliyozama chini ya uso unaoizunguka karibu kila mara imeongezwa baadaye. Kadhalika mashine huchonga kina kimoja mahali pote, ilhali mkono hubadilika, huchoka na kukosea, kisha ukasahihisha. Kanuni hii inafaa hata kwa vitu vidogo kama vikopo vya kalamu za brashi, ambavyo hughushiwa zaidi kwa kuwa hubebeka mfukoni.

Udanganyifu mbaya zaidi hauhusu mbao mpya. Ni ule unaotumia mbao za kale kweli: kitanda kilichovunjika hutoa kabati, makabati mawili hutoa moja adimu, kiti cha kawaida hupewa mgongo wa kiti cha fahari. Kila kipande kinasema kweli, na kiti kizima kinasema uongo. Wakalia sofa nao walileta balaa lao, kwa kuwa vitanda na viti vya kale vilikatwa vishuke, viendane na mito ya kisasa.

Nilimwandikia mwanafunzi wangu: mwombe muuzaji akipindue kiti, kisha unipigie picha chini. Muuzaji alikataa. Akasema kiti cha heshima hiyo hakipinduliwi. Kijana akaaga.

Wa kwanza kuandika kitabu kizima juu ya samani za nyumbani za Uchina hakuwa Mchina. Gustav Ecke, Mjerumani aliyefika Uchina mwaka 1923 na kufundisha katika vyuo vikuu vya huko, alichapisha chake Beijing mwaka 1944, katikati ya vita, nakala 200 tu, kikiwa na michoro ya vipimo iliyochorwa na Yang Yao. Lakini ninayetaka kumzungumzia ni Wang Shixiang.

Alizaliwa Beijing mwaka 1914 katika familia yenye nafasi. Ujanani alifuga mbwa, njiwa na nyenje wa kupigana. Baada ya vita alitumwa kutafuta na kurejesha vitu vya sanaa vilivyopotea wakati Wajapani walipoikalia nchi, kisha akafanya kazi katika Jumba la Makumbusho la Kasri la Kifalme. Mwaka 1952, katika kampeni dhidi ya ufisadi, alishukiwa kwamba mtu aliyepitiwa na hazina nyingi namna ile lazima aliiba. Akafungwa miezi kumi. Halikupatikana kosa, akaachiliwa, na kazi akaipoteza vile vile. Mwaka 1957 akapachikwa jina la mpinga mapinduzi wa mrengo wa kulia.

Katika miaka hiyo hiyo ya unyonge alikuwa akipanda baiskeli, akizunguka vijiji na vichochoro vya Beijing, akinunua samani za kale ambazo watu walizivunja kwa ajili ya mbao. Kisa kimoja anakisimulia mwenyewe. Huko Tongzhou, kwa bibi mmoja mzee, aliona vigoda viwili vya *huanghuali*, vya kukalia kwa kusukwa. Bibi akasema anataka yuan 20, lakini angoje mwanawe arudi. Baadaye akakuta vigoda vimekwisha kununuliwa na mchuuzi, ambaye alitaka yuan 40. Hakuwa na fedha mfukoni. Alipozipata, vimeuzwa tena. Akamwendea mnunuzi mpya karibu mara 20, kwa muda uliopita mwaka mmoja, mpaka akauziwa kwa yuan 400, mara 20 ya bei aliyoitaja bibi. Mimi niliyeuza kiti cha enzi mbio mbio nilikisoma kisa hiki na kukifunga kitabu kwa muda.

Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni samani zake zilichukuliwa na yeye akapelekwa kufanya kazi za shamba mkoani Hubei. Zilirudishwa baadaye, lakini nyumba yake ilikuwa imegawiwa familia nyingine, na vitu vikarundikwa juu ya vitu. Baada ya tetemeko la Tangshan la mwaka 1976, kwa kuogopa paa lisimwangukie, alilala ndani ya kabati la kale la Ming. Rafiki yake Huang Miaozi akamtungia kwa utani mistari miwili ya mlingano, ule utungo wa Kichina ambamo neno la mstari wa kwanza lazima lijibiwe na la pili kwa aina na kwa mlio. Naipenda picha hiyo: mtaalamu wa makabati amelala kabatini, na mshairi anahesabu silabi.

Kitabu chake kikubwa kilitoka Hong Kong mwaka 1985, alipokuwa na miaka 71. Kingine, kizito zaidi, kikafuata mwaka 1989. Michoro ya viungo ilichorwa na mkewe, Yuan Quanyou, mtafiti wa muziki. Na humo ndimo nilimokuta kilichonikamata mwalimu mimi: faharasa ndefu ya istilahi za useremala. Wang alikuwa amezitoa katika miongozo ya karakana za Qing na katika vinywa vya mafundi wazee wa Beijing waliokuwa wakikarabati samani, watu ambao wengi wao hawakuandika. Mguu unaojikunja mwishoni huitwa kwato la farasi. Ubao wa kati uliopinda juu huitwa kibyongo. Mhimili unaotoka mguuni kwenda kulishika bamba la juu huitwa mkono wa mbabe. Meza ya mraba ya watu wanane ni ya Malaika Wanane, ingawa "malaika" ni tafsiri yangu ya kubahatisha. Bila majina hayo, kiti ni kiti tu, na hakuna awezaye kusema ni kipi kilichobadilishwa.

Hakukomea kwenye majina. Aliandika juu ya sifa 16 na magonjwa manane ya samani za mtindo wa Ming. Wasomaji wa ushairi watatambua mara moja anachokifanya, kwa kuwa fasihi ya Kichina ina desturi ya kale ya kuorodhesha sifa za shairi namna hiyo, na kazi mashuhuri ya sifa 24, inayonasibishwa na Sikong Tu wa zama za Tang, ndiyo mama yake. Sifa ya kwanza kwa Wang ni ile ambayo mwalimu wa ushairi angeiita ufupi uliokomaa: hakuna cha kupunguza. Mojawapo ya magonjwa ni nyongeza isiyo na kazi. Jingine ni unene. Ukiondoa neno "kiti" ukaweka "ubeti" hutalazimika kubadili mengi. Nami nimefurahi kuona kwamba, tofauti na Wen Zhenheng, Wang hakuichukia nakshi. Utajiri wa pambo aliuweka miongoni mwa sifa, mradi pambo liwe na mahali pake pa kupumulia.

Kuhusu fedha nitakuwa mfupi. Septemba 1996 samani za jumba moja la makumbusho lililokuwa California ziliuzwa kwa mnada New York: vitu 107, vyote vikanunuliwa, kwa dola milioni 11.2. Machi 2015, mjini humo humo, viti vinne vya *huanghuali* vya karne ya 17, vyenye mgongo wa nusu duara, vilivyokuwa vya mfanyabiashara Robert Ellsworth, vilifika dola milioni 9.685. Wang yeye alikuwa amekubali mapema kuachia vipande vyake 79 kwa bei ya chini mno, kwa sharti moja, kwamba mnunuzi asibaki na hata kigoda kimoja. Vyote viliingia Jumba la Makumbusho la Shanghai mwaka 1993. Alifariki mwaka 2009.

Bei hizo hazikuishia minadani. Matajiri wapya walipotaka samani kama za mababu, na *huanghuali* ya Hainan ikiwa imekaribia kwisha, mafundi waligeukia binamu zake. Kiwango rasmi cha Uchina cha mwaka 2000 kilitaja aina 33 za miti zinazostahili kuitwa *hongmu*, mti mwekundu. Mpingo ulikuwamo, na umebaki katika orodha iliyopunguzwa kuwa 29 mwaka 2017. Mkurungu haumo, lakini haukusalimika: ulikatwa kwa kasi huko Zambia na Kongo, hata mwaka 2019 ukaingizwa katika orodha ya mkataba wa CITES inayodhibiti biashara yake. Aina karibu zote za *Dalbergia* zilikuwa zimekwisha kuingizwa mwanzoni mwa 2017. Hivyo kiti kinachouzwa leo Guangzhou kwa jina la Ming huenda kimetoka katika msitu ambao msomaji wangu ameupita kwa basi.

Baada ya kusoma faharasa ya Wang nilichukua daftari nikamwendea seremala wa mtaani kwangu, mzee aliyenizidi miaka kumi. Nilijua kwamba mlango wa kale wa pwani una mfaa katikati, miimo ubavuni, kizingiti, komeo na tumbuu; hayo niliyafundisha. Nilijua kwamba droo ni mtoto wa meza, jina ambalo wajukuu wangu hulicheka. Ila nilipomwuliza kiti cha enzi, zile mbao zinazoshika kamba za kukalia zinaitwaje, akafikiri sana. Akasema babu yake alikuwa na jina lake, yeye hana. Akaniuliza kama ninacho kiti chenyewe, tukitazame, pengine akikishika atalikumbuka.

Kiti chenyewe nilikiuza mwaka 1994. Kwa hiyo nawaomba wasomaji wa Lamu, Pate, Mombasa, Unguja na popote kilipobaki kimoja: kipindueni, mwiteni mzee anayekijua, muandike anavyoita kila kipande, kwa lafudhi yake hasa, bila kusanifisha. Jina la mbao zile nne ndilo ninalolitafuta kwanza.